Kashfa ya mtandaoni na faini "isiyopungua"

Arusha ni mji wa mahakama. Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake huko, ilitoa hukumu ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Majaji walisema kumfunga mtu kwa kashfa, yaani kwa kumchafulia mwingine jina, ni kuvuka mpaka, isipokuwa pale maneno yanapofikia kuchochea chuki, vitisho au mambo mazito ya aina hiyo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Juni 2016, hakimu wa mji huohuo alimtia hatiani mwananchi wa kawaida kwa maneno aliyoyaandika Facebook kumhusu Rais Magufuli: miaka 3 jela au faini ya shilingi milioni 7. Kutoka mahakama moja hadi nyingine unakwenda kwa daladala.

Kifungu kilichomnasa ni cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Wengi hukiita kifungu cha habari za uongo, na kwa jina hilo nani atakipinga? Lakini ukikisoma polepole, ndani yake mna kashfa. Anayechapisha kwenye kompyuta au simu habari anazojua ni za uongo, zinazopotosha au zisizo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma, ametenda kosa la jinai. Matapeli wa mtandaoni, wazushi wa ugonjwa na dada aliyemsema mwenye duka, wote wametiwa kwenye kapu moja.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja, na si ya kubezwa. Uongo wa barazani zamani ulichoka njiani. Uongo wa leo unapigwa skrinishoti, unavuka makundi ya WhatsApp matano kabla ya adhana ya adhuhuri, na aliyeuzua akiufuta umeshabaki kwenye simu za watu. Mwalimu aliyezushiwa kuwa anawaharibu wanafunzi hapati tena kazi kijijini pale. Tena wanasema, na hapa ndipo wanaponigusa: kesi ya madai inataka wakili, ada na miaka ya kungoja. Mama lishe aliyeitwa mchawi kwenye kundi la mtaa atampata wapi wakili? Kituo cha polisi kiko hatua chache, na kufungua jalada hakuna ada.

Ni kweli kwenye karatasi. Ila jiulize ni malalamiko ya nani yanayoamsha polisi saa nane za usiku. Mama lishe ataambiwa arudi Jumatatu. Mkubwa akisemwa, simu ya aliyesema itakuwa imechukuliwa kabla hajamaliza chai. Mlango uliofunguliwa kwa jina la mnyonge unapitiwa na wenye nguvu, kwa sababu ndio wenye namba ya simu ya mkuu wa kituo.

Watetezi watakumbusha pia kwamba kifungu kinataka mshtakiwa awe anajua kuwa anasema uongo. Kinga hiyo ipo, lakini utaifikia mahakamani, baada ya mahabusu, dhamana, na miezi ya kuahirishiwa kesi.

Na ukishindwa, kuna neno moja ambalo kila nikilisoma linanikaa kooni: isiyopungua. Faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria nyingi humwekea hakimu dari, kwamba asizidishe hapa. Hii imemwekea sakafu. Hakimu akimwona mbele yake kijana aliyeandika sentensi mbili za hasira akazifuta jioni ile, hawezi kusema elfu hamsini inatosha. Piga hesabu kwa kima cha chini cha mshahara wa serikali, ambacho Mei Mosi 2025 kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Milioni 5 ni miezi kumi ya mshahara huo, bila kula, bila kodi ya nyumba, bila nauli, bila hata bando la kuandikia lile kosa. Na huyo ni mwenye ajira ya serikali. Bodaboda je? Kwa mwenye kampuni, milioni 5 ni tangazo la siku moja gazetini. Sakafu ni moja, ila anayeumia ni mwenye kipato cha chini.

Kenya walipita njia hii. Februari 2017, Jaji John Mativo alifuta kosa la jinai la kashfa, katika kesi ya watu walioshtakiwa kwa maandishi ya ukurasa wa Facebook wa kuwatahadharisha wanunuzi. Aliyechafuliwa jina, alisema, ana njia ya fidia. Wala fidia yenyewe si mzaha: sheria ya kashfa ya Kenya inasema ukimzushia mtu kosa la adhabu ya kifo, fidia haitapungua shilingi milioni moja za Kenya. Hapo sakafu inamfaidi aliyeumizwa, haiendi hazina ya serikali. Lakini mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria ya makosa ya kompyuta, na kifungu cha 23 kikarudisha habari za uongo zinazoweza kumvunjia mtu heshima, safari hii kwa kifungo cha hadi miaka 10. Kosa lilitoka kwa mlango likarudi kwa dirisha, limenenepa.

Kwetu limetoka kwa nani? Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, ilisema vifungu vya kashfa ya jinai katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juni 2023 Bunge likarekebisha sheria hiyo na kuiondoa kashfa ya jinai. Wanahabari walishangilia, na walistahili. Lakini kifungu cha 16 hakikuguswa. Kwa hiyo mhariri mwenye wakili, chumba cha habari na baraza la kumsemea amepunguziwa mzigo, na muuza mitumba wa soko la Karume, Dar es Salaam, mwenye simu iliyopasuka kioo ameachiwa wote.

Sidai sheria nzima ichomwe moto. Ibaki kwa ajili ya matapeli. Ningeondoa neno kashfa katika kifungu cha 16, niwaachie wanaogombana kuhusu majina yao mahakama ya mwanzo au ya wilaya, kwa utaratibu mwepesi wa madai usiohitaji wakili, wenye nguvu ya kuamuru kuombana radhi kwenye kundi lilelile maneno yaliposemwa. Mama lishe wetu, nadhani, angechagua hiyo. Anachotaka ni wateja wake warudi mezani, na faini inayokwenda hazina haimrudishii hata mmoja.