Mnashangilia mbio, mtutu hamuutazami

Jumamosi nilikuwa kwa fundi simu mmoja pale Mwanjelwa nasubiri kioo. Vijana watatu wameinamia simu moja, wanaangalia mashindano ya silaha tatu ya Marekani: raifo, bastola na shotigani kwenye mzunguko mmoja, saa inahesabu. Mmoja akasema, "Hii mbona ya kawaida, nikipewa wiki moja nawakimbiza wote." Wenzake wakamuunga mkono. Nikanyamaza, maana fundi ni kaka yake na kioo changu kilikuwa bado mezani. Hapa ninapoandika sina wa kumwogopa.

Wiki moja! Ndugu zangu, ule mchezo hauna kadi ya njano. Simama ukitazama shabaha na tuta la udongo lililo nyuma yake, nyoosha mikono kulia na kushoto. Huo ndio mstari wa nyuzi 180. Mtutu ukiuvuka kurudi nyuma, hata kama hakuna risasi iliyotoka, umetolewa shindano zima, funga begi nenda nyumbani. Ukidondosha silaha yenye risasi, nje. Ukikutwa unabadili magazini, kile kikasha cha risasi, na kidole kimo kwenye kifyatulio, nje.

Na msidhani ni rahisi. Anayetumia mkono wa kulia akikimbia kuelekea kushoto huku anabadili magazini, mtutu unageuka wenyewe kurudi walikosimama wenzake. Mwili ndio unaomponza, siyo ujinga. Mliopita JKT Mafinga mnaijua sauti ya afande mtu akigeuka na silaha mkononi eti anauliza swali. Mnakumbuka, nisiendelee.

Halafu lile pipa la kuachia silaha moja kabla ya kushika nyingine. Mnaona jamaa "anatupa" raifo mnapiga makofi. Hatupi! Anaiweka ikiwa imefungwa usalama au haina risasi kabisa, mtutu umeelekea upande salama, ndipo mkono unakwenda kwenye bastola. Anafanya haraka kwa sababu alishafanya polepole mpaka akachoka nayo.

Kwa hiyo anayeanza aanze na nini? Na mti. Sitanii. Wale mgambo tunaowacheka wakipiga kwata na bunduki za mti wanafanya jambo la maana kuliko nyie. Chonga mti, tembea nao uani, piga magoti, inuka, geuka, kimbia kushoto, na muda wote mwenzio aangalie ncha yake inaelekea wapi. Kuanza moja kwa moja na silaha tatu na saa ni kujifunzia lori Kitonga.

Haya, nakubali, spidi ina kazi yake. Saa ndiyo hakimu, na shabaha uliyoikosa inageuka sekunde za adhabu juu ya muda wako. Ila mgeni wa mchezo muda haumpotei miguuni, unampotea kwenye kujaza shotigani. Ile haina magazini ya kuchomeka, kwa zile nyingi ni bomba chini ya mtutu: risasi unazisukuma kwa dole gumba, moja inateleza, nyingine umeishika kinyume. Wazoefu wanachota nne kwa mkono mmoja, wanaziingiza mbilimbili. Hapo sijaona kijana akipiga makofi.

Kuhusu kibali, isome kwanza Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuhusu gharama ya risasi, muulize anayezinunua, halafu kaa chini kwanza.

Na masikio, tafadhali. Mjomba wangu kule Mufindi amepiga gobole miaka mingi kufukuza ngedere kwenye mahindi, vizuia sauti vya masikioni anaviita vitu vya mjini. Sikio la kushoto limekwisha. Kwa anayelenga kwa bega la kulia, ndilo linaloukaribia mdomo wa mtutu. Juzi nilimpigia simu, akaiweka sikio hilohilo kwa mazoea, akanifokea kwamba mtandao wa siku hizi mbovu.