Usimwage maji ya makaroni

Saa moja ya jioni, mtaani kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, utasikia sauti ile ile ikitoka ua mmoja hadi mwingine. Mfuniko unasogezwa kidogo, maji ya moto yanamwagwa juu ya mawe meusi ya volkano, mvuke unapanda. Ni maji ya makaroni: meupe, mazito kidogo, yana harufu ya ngano. Tunayamwaga kama uchafu, kisha tunaingia ndani kutafuta kitu cha kulainisha sosi, kipande cha fromaji, yaani jibini, maziwa ya unga, siagi ya kopo. Inaniuma kila ninapoona. Maji hayo tuliyanunua kwa bidoni, yaani kwa dumu. Tuliyachemsha kwa makala, yaani makaa ya kuni, ambayo bei yake haishuki. Na kile kilichoyafanya yawe meupe ndicho tunachokwenda kukitafuta dukani.

Huu ni mwaka wa tatu napika makaroni bila maziwa, bila siagi na bila jibini, na nimefika mahali pa kusema wazi: ulaini wa sosi si mali ya ng'ombe. Unatokana na wanga na mafuta vilivyoshikana vizuri ndani ya maji, pamoja na chumvi ya kutosha na uchachu kidogo. Vyote hivyo vipo soko la Virunga, na mama anayeviuza anavipanga chini mafungu mafungu.

Nilianza kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa na miaka minne alipovimba midomo na kutoka vipele shingoni baada ya uji wenye maziwa, na ikarudi tena alipokula mkate uliopakwa siagi. Daktari alitueleza tofauti ambayo watu wengi hawaijui, nami naiandika hapa kwa sababu inawahusu wengi. Watu wazima wengi duniani hawamudu vizuri sukari ya maziwa, ile laktosi, kwa sababu kimeng'enya cha kuivunja hupungua baada ya utoto. Tumbo linajaa gesi, linauma, linaharisha. Mtu wa namna hiyo mara nyingi anaweza kula jibini lililokomaa bila shida, maana sehemu kubwa ya laktosi hutoka na maji ya maziwa wakati wa kutengeneza, na inayobaki huliwa na bakteria. Binti yangu si wa kundi hilo. Mwili wake unapiga vita protini ya maziwa yenyewe, na protini hiyo ndiyo jibini. Kwake hakuna kipande kidogo kisicho na hatari.

Kwetu tunakula kwenye sinia moja. Ningeweza kumpikia chake pembeni, kwenye sufuria yake ndogo, na kwa majuma mawili nilifanya hivyo. Nilimwona akikaa mwisho wa mkeka na bakuli lake, akitazama mikono ya kaka zake ikikutana kwenye sinia. Juma la tatu nikaamua kwamba nyumba nzima itakula anachoweza kula yeye, na chakula hicho kitakuwa kitamu kiasi kwamba hakuna atakayehisi amenyimwa.

Jirani mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza: «Mama, sasa wewe umeikataa fromaji ya Masisi? Wafugaji wetu wataishi na nini?» Swali lake ni la haki. Fromaji ya Masisi, milima ya wafugaji iliyo jirani na Goma, ni fahari yetu. Magurudumu yale ya njano hafifu, yaliyofuata mtindo wa Gouda, jibini la Uholanzi, husafiri mpaka Kinshasa ndani ya mizigo ya watu kama zawadi, na mimi mwenyewe nililelewa nayo. Lakini viazi navyo vinatoka Masisi. Maharagi pia. Karoti na vitunguu vinashuka kutoka Kibumba. Barabara ikifungwa, mkulima wa viazi anaumia sawasawa na mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe huwa na shamba pia. Fedha yangu bado inapanda milima ile ile.

Basi sosi yenyewe. Kwa watu sita nachukua pakiti moja ya gramu 500, viazi vitatu vya wastani, karoti mbili, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, nusu kikombe cha karanga mbichi, vijiko vitatu vya mafuta, nusu ndimu na chumvi. Karanga nazichagua moja moja kabla ya kuziloweka asubuhi. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu naitupa, maana ukungu wa karanga hutoa sumu, aflatoksini, ambayo kuchemsha au kukaanga hakuimalizi. Zikiisha kulowekwa, maganda yanatoka kwa kusuguliwa na vidole.

Nasisitiza karanga mbichi. Karanga iliyokaangwa inaleta ladha ya mchuzi wa karanga tunaoujua, ule wa kula na sombe (kisamvu), na mara moja ulimi unasahau makaroni. Iliyochemshwa mbichi ni mpole, inatoa mafuta na unene bila kujitangaza. Maelekezo mengi ya kwenye mtandao yanataka korosho, na ni kweli korosho inafanya kazi nzuri, lakini hapa Goma korosho ni kitu cha kuhesabu punje. Karanga inauzwa kwa kikombe.

Viazi, karoti, kitunguu na karanga vinaingia pamoja kwenye sufuria na kuchemka mpaka kiazi kivunjike kwa mwiko. Navitoa kwa upawa. Maji yanabaki motoni, naongeza chumvi, na makaroni yanaingia humo humo. Sufuria moja, mbabula (jiko la makala) moja, maji yale yale. Maji yasiwe mengi. Lita mbili na nusu zinatosha, mradi ukoroge dakika mbili za mwanzo yasishikane. Kadiri maji yanavyokuwa machache ndivyo wanga unavyojaa ndani yake, na wanga huo ndio gundi yetu.

Wakati yanachemka, nasaga mboga zikiwa bado za moto pamoja na mafuta, kitunguu saumu na maji ya ndimu. Kiazi cha moto kikisagwa kwa nguvu, wanga wake unafumuka na kuwa kama ulimbo, unavutika. Anayeponda viazi vya kawaida huona ni balaa. Kwetu hapa ndiyo siri, kwa sababu mvutano ule unafanana na wa jibini lililoyeyuka. Ukitumia mashine, usifunge mfuniko kabisa. Mvuke hurusha kifuniko na kuunguza mtu. Umeme ukikosekana, karanga zinaingia kwenye kinu mpaka ziwe ute, kisha viazi na karoti vinapondwa na kupitishwa kwenye chujio. Sosi haitakuwa laini kama kioo, lakini sijawahi kuona sinia likirudi na chakula kwa sababu hiyo.

Onja kabla ya kuchanganya. Iwe na chumvi kidogo zaidi na uchachu kidogo zaidi ya unavyopenda, maana makaroni yatapunguza vyote viwili. Kisha upawa mmoja wa yale maji meupe, koroga, mwingine, koroga, mpaka sosi ianze kung'aa na kushika kila kipande. Wasiwasi wa rangi uache. Karoti inatoa njano nzuri, na jibini nyingi za madukani zenye njano kali hutiwa rangi ya mimea ili zionekane hivyo.

Kuna jambo la mji wetu ambalo pakiti ya makaroni hailijui. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Pakiti ikisema dakika tisa, iliandikwa kwa ajili ya mtu wa bondeni. Hapa ongeza mbili au tatu, na uonje. Ndiyo maana pia maharagi yetu hula makala mengi kiasi hicho. Na makala hayo si kitu kidogo: kwa miaka mingi sehemu kubwa ya yanayofika mjini imekatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, msitu uliolindwa tangu 1925. Chakula kinachoiva chini ya saa moja, kwa sufuria moja, kina uzito wake katika hesabu hiyo. Mimi huzima moto dakika tatu kabla, nafunika, na joto lililobaki linamaliza kazi.

Chagua makaroni ya semolina, yaani unga wa chengachenga, wa ngano ngumu. Italia iliweka hata sheria mwaka 1967 kwamba makaroni makavu yatengenezwe kwa ngano hiyo, na sababu utaiona ukinunua pakiti ya unga wa ngano laini: ndani ya dakika saba inageuka uji. Makaroni makavu kwa kawaida hayana yai, lakini soma pakiti, maana mengine yanalo.

Mara ya kwanza nilipopika sosi hii, mume wangu alisema ni nzuri lakini «haina mwisho», yaani ladha inaingia mdomoni na kupotea. Alikuwa sahihi. Jibini la zamani lina kitu kinachoubakiza utamu kwenye ulimi, na kitu hicho ni glutamati, ambayo mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 akichunguza mwani wa baharini. Protini ya maziwa inavyovunjika kwa miezi ndivyo glutamati inavyoongezeka. Lakini nyanya iliyoiva nayo inayo kwa wingi, na uyoga uliokaushwa, na sosi ya soya. Dawa yangu ni kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, kinakaangwa kwenye mafuta mpaka kigeuke rangi ya tofali, ndipo kinaingia kwenye sosi. Kijiko kimoja tu. Ukizidisha unapata sosi ya tomate. Kuna hamira ya lishe inayosifiwa sana, ile iliyouawa kwa joto na kuuzwa kama vipande vyembamba vya njano, na ukiipata ni nzuri. Tafadhali usiweke hamira ya mkate badala yake. Hiyo ni hai, ni chungu, na itakuharibia tumbo.

Siku ambazo karanga hazipo, maharagi meupe yaliyobaki jana yanapondwa na kitunguu saumu na maji yale yale ya makaroni, na majani ya seleri juu. Avoka (parachichi) pia, ikipondwa na ndimu na chumvi, lakini isipashwe motoni, inakuwa chungu.

Na kuna soya, ambayo naona tunaidharau bila sababu. Hapa Kivu tunaijua kupitia masoso, ule uji wa mahindi, soya na mtama tunaowapa watoto waliodhoofika, na labda kwa hiyo imebaki kichwani mwetu kama chakula cha mgonjwa. Loweka soya usiku kucha, saga na maji ya moto, kwa sababu maji baridi yanaleta ile harufu ya majani mabichi, chuja, kisha chemsha robo saa nzima ukikoroga, maana soya isiyoiva inasumbua tumbo. Halafu fanya sosi nyeupe kama ambavyo ungeifanya na maziwa: vijiko viwili vya mafuta, viwili vya unga wa ngano, kaanga bila kuunguza, mimina nusu lita ya maziwa ya soya kidogo kidogo. Kungumanga kidogo, pilipili manga. Weka juu ya spageti na lengalenga (mchicha) iliyokaangwa haraka. Niliwahi kuwapikia hivyo wageni wa msibani, na mama mkwe, ambaye hasifii ovyo, aliniambia: «Mwanangu, hii utapika tena siku ya arobaini.»

Jibini za mimea zinazoletwa kutoka nje nimezionja mara mbili, zilizobebwa na ndugu kutoka Ulaya. Soma nyuma ya pakiti: mara nyingi ni mafuta ya nazi, wanga, chumvi na ladha ya kutengenezwa, protini karibu hakuna. Zinayeyuka vizuri, sikatai. Lakini sioni kwa nini nitamani kitu hicho wakati karanga na soya zinampa mtoto wangu protini ya kweli.

Hapo lazima niseme jambo moja kwa uzito. Sosi hizi hazina vitamini B12, na mimea haituipi kwa uhakika. Binti yangu anakula mayai na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pamoja na mifupa yake, kwa hiyo B12 na kalisi (kalsiamu) anazipata huko. Ila wewe uliyeacha kabisa chochote kinachotoka kwa mnyama, na nawajua vijana kadhaa hapa mjini waliofanya hivyo kwa imani au kwa huruma, nunua vidonge vya B12 au chakula kilichoongezewa, na usikubali mtu akuambie mboga zinatosha. Upungufu wake huja polepole na hugusa mishipa ya fahamu. Na kama nyumbani kuna mwenye mzio wa karanga, tumia maharagi.

Sosi ikibaki, usiku inaganda. Asubuhi binti yangu huikata kwa kisu, huipaka kwenye mkate kabla ya kwenda shule, na kaka zake sasa wanagombania kipande cha mwisho, kwa hiyo napika viazi vinne badala ya vitatu.