Redio ya roki isiyojua iko mji gani

Juzi jioni, kwenye foleni ya magari hapa California, nilifungua stesheni ya roki ninayoisikiliza tangu nihamie huku. Mtangazaji aliongea kati ya nyimbo wee, lakini hakutaja mtaa hata mmoja, wala ukumbi, wala bendi ya hapa. "Popote ulipo," alirudia kila mara. Nami nilikuwa nimekwama karibu kabisa na ukumbi ambao usiku uleule vijana wa mji huu walikuwa wanapiga. Angejuaje? Yuko mji mwingine, na kipindi chake kinarushwa miji kadhaa kwa mpigo.

Hasira haijanitoka mpaka sasa.

Redio za alternative, yaani za roki iliyo nje ya mkondo mkuu, zilizaliwa na miji yake. Tazameni Seattle. KCMU, stesheni ndogo ya Chuo Kikuu cha Washington, iliwapiga Nirvana na Soundgarden wakati dunia haijawasikia. Kim Thayil, mpiga gitaa wa Soundgarden, alitangaza pale. Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, waanzilishi wa Sub Pop, kampuni ya kurekodi muziki ya Seattle, nao walikuwa na vipindi pale pale. Aliyechagua nyimbo, aliyezipiga jukwaani na aliyezitoa kwenye rekodi walikuwa wanakutana kwenye kumbi zilezile. Kijana mwenye bendi alijua mlango wa kubisha. Leo abishe wapi? Nyimbo zinapangwa makao makuu kwa ajili ya miji yote, kwa hiyo lazima ziwe zile ambazo hakuna mji utakaozikataa. Wimbo unaowarusha watu San Diego peke yake hauna pa kupita. Baada ya miaka michache San Diego, Sacramento na Portland zinasikika sawa, na vijana wa kila mji wanaamini muziki hutengenezwa kwingine.

Hili linatuuma zaidi sisi tuliokulia na kadi za salamu. Ulisikia jina la kijiji chenu redioni ukajua mpo.

Mambo haya yana chanzo. Mpaka 1996 kampuni moja Marekani haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya stesheni 40 nchi nzima. Sheria ya mwaka huo ikaondoa kikomo hicho, na kampuni ya redio ya Clear Channel ikafikisha zaidi ya 1,200. Boston ikapoteza stesheni yake ya roki WBCN 2009, kisha WFNX, nayo ya roki, ikauza masafa yake 2012. Mwaka 2017 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ikafuta hata sharti la stesheni kuwa na studio karibu na mji inaoutumikia. Septemba 2020 Entercom, kampuni nyingine kubwa ya redio, ikapunguza watangazaji kwenye stesheni zake za alternative, ikaweka vipindi vya pamoja.

Najua hoja ya pesa. Matangazo yamepungua, vijana wako kwenye simu, na mtangazaji wa kila mji ana mshahara. Sawa, nakubali. Na baadhi ya hao wanaosikika miji kumi ni hodari kweli. Lakini Entercom, iliyojiita Audacy 2021, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2024 ikiwa na deni la karibu dola bilioni 1.9. Watangazaji wa miji walishaondoka, na deni likabaki.

Wakati huohuo KCMU ya jana, ambayo leo ni KEXP, inaishi kwa michango ya wasikilizaji na ina watu wanaoisikiliza mpaka ng'ambo, kwa sababu inasikika kama Seattle. 91X ya San Diego, yenye mnara Tijuana, bado iko mikononi mwa wenyeji.

Sidai studio mpya wala saa 24. Nadai saa mbili za jioni, kila siku, zenye mtangazaji anayeishi hapa, mwenye ruhusa ya kupiga bendi aliyoiona Ijumaa bila kuomba kibali mji mwingine. Nimeiandikia stesheni yangu hivyo hivyo. Nanyi mlioko Seattle, Boston, Minneapolis, ziandikieni zenu, na mzitaje bendi zenu kwa majina.