Mvuvi akishasema, mtafiti ameshaandika: ujuzi wa pwani ya Tanga ni wa nani?

Vijiji vya pwani ya Tanga vimewazoea watafiti. Mwaka 1994 ulianza mradi wa usimamizi wa pwani kwa msaada wa Ireland na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 silikanti, samaki wa kale wa kilindini, wakaanza kunaswa kwenye majarife, yaani nyavu za papa, na 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Wamepita wataalamu wa matumbawe, wa samaki, wa mikoko. Mwanaanthropolojia wa mazingira, anayekaa na watu ili ajue wanavyoishi na bahari na ardhi yao, ndiye anayekaa muda mrefu kuliko hao wote, na ndiye anayeondoka na mengi zaidi.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Anayekuja na dodoso kwa wiki mbili wakati wa kaskazi hataijua Tanga ya kusi, bahari inapochafuka na ngalawa zisithubutu kwenda mbali. Wavuvi wa dago, wanaohama na kupiga kambi kwa msimu, atawakosa kabisa kama hawajafika, au atawahesabu kuwa wenyeji. Halafu kuna wanawake. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yakipwa, hushuka mwambani na kijiti cha kuchokolea pweza. Kila mmoja ana matundu anayoyajua na huyapitia bamvua hadi bamvua, maana pweza akitolewa, mwingine huja kulikalia tundu lile lile. Waulize wazee barazani ni nani wavuvi wa kijiji hiki, na mama huyo hatatajwa. Mwamba ukifungwa ili samaki wazaliane, hasara yake haitaingia kwenye hesabu ya mtu yeyote, isipokuwa awepo aliyeshuka naye majini.

Hata hivyo, tundu likishaandikwa si siri ya mama huyo tena. Mvuvi akimwonyesha mgeni miamba yake ya kuvulia, kesho ramani ile inaweza kuwa mpaka wa eneo lililozuiwa, na yeye hakuulizwa. Wanaolalamikia hili hawaoti. Utafiti wa mazingira mkoani Tanga una historia yake: kituo ambacho Wajerumani walikifungua Amani, milimani Usambara, mwaka 1902 kilijaribu kahawa, miti ya mpira na miti ya kwinini kwa faida ya uchumi wa koloni. Mshambaa aliyeijua misitu ile hakuwa ndiye aliyefanyiwa kazi.

Jambo gumu zaidi ni uvuvi wa baruti. Mwanafunzi aliyekaa kijijini msimu mzima atajua nani anapiga na samaki wale wananunuliwa na nani. Anyamaze huku matumbawe yanasagika? Nami naumia kuona mwamba uliogeuka kifusi, lakini naona asitaje majina. Mtafiti akionekana mpelelezi mara moja, mlango umefungwa kwa wote watakaomfuata. Aeleze kwa kina jinsi biashara yenyewe inavyokwenda: baruti inapitia mikono ya aina gani, nani anakopesha, kwa nini kijana anaona mshipi haulipi. Hayo yanamsaidia anayetaka kuikomesha kuliko jina la kijana mmoja.

Wapo wanaopendekeza kijiji kipewe haki ya kuzuia maandishi kabla hayajachapishwa. Nusu yake naikubali. Mahali pa kuvulia pasichapwe bila ridhaa ya wanaopavua. Lakini kijiji si mtu mmoja. Ukikiachia kizuie chochote, atakayezuia ni tajiri mwenye vyombo na nyavu, na la kwanza kufutwa litakuwa lalamiko la baharia wake juu ya mgao, au la mama wa pweza juu ya juya, wavu mkubwa unaokokotwa mwambani kwake.

Kwa hiyo nawatazama zaidi wanaofundisha. Vyuo vyetu humpa mwanafunzi alama kwa tasnifu ya Kiingereza, na kurudi kijijini kunabaki hisani yake mwenyewe, kwa nauli yake. Kurudi huko kuwe sehemu ya mtihani, na bajeti yake itengwe tangu mwanzo. Asome matokeo kwa Kiswahili, kwa makundi mbalimbali, mabaharia peke yao na wanawake peke yao, aandike wanapompinga, na mapingamizi hayo yaingie kwenye tasnifu yakiwa na uzito sawa na maelezo yake. Mkutano wa wanawake aupange siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Akiuitisha wakati wa bamvua, watakuwa mwambani.