Dada Yako wa Baba Gani?

Jamani, mtu mzima mimi, nimetoka kukanyaga alipokanyaga Bwana, kifua kimejaa neema, halafu uwanja wa ndege ananisimamisha binti mwenye beji shingoni, ananiuliza maswali ambayo hata Pilato hakuyafikiria.

Na nilishameza mengi. Begi liwe mlangoni saa kumi alfajiri, nikameza. Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kule Bethlehemu haufiki mita 1.5, nikaugonga kwa paji la uso, nikasema ameni. Kanisa la Kaburi Takatifu tulipanga foleni hadi miguu ikavimba, kuingia tu, "Baba yetu" haijafika "mbinguni", mtawa anapiga makofi: tokeni, wengine waingie! Kesho yake mwongozaji anatupeleka Kaburi la Bustani, nje ya ukuta wa mji, anasema wapo wanaoamini ni hapa. Sasa mimi machozi ya jana nilimlilia nani?

Lakini huyu binti.

"Yule mwanamke mwenye kitenge ni nani yako?"

"Dada yangu."

Akalinganisha pasi. "Mbona majina hayafanani? Mna baba mmoja?"

"Ndiyo." Mzee wa Kanisa nyuma yangu akaitikia, "Ameni!"

"Baba yenu yuko wapi?"

"Mbinguni."

"Pole," akasema, akaandika.

"Na yule kijana mwenye suti?"

"Huyo naye ni baba yetu. Wa kiroho."

Akaniangalia mvi, akamwangalia Mchungaji, akamwita mwenzake.

Wakaja na lile swali lenyewe. "Kuna mtu amekupa kitu umbebee?" Nikafungua mdomo nijibu kistaarabu kwamba hapana, Mama Mchungaji akadakia kwa ile sauti yake ya kwaya: "Chupa, kaka! Zile chupa!"

Begi likafunguliwa mbele za watu. Soksi zangu, mafuta ya mzeituni, kisha maji ya Yordani, chupa baada ya chupa, kila moja na jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino.

"Ya nini haya?"

"Hili la kunyunyizia shamba. Hili la magoti ya bibi. Hili mwenyewe anataka kumnywesha mumewe."

"Mume anaumwa?"

"Haumwi. Ana tabia."

Akafungua moja, akanusa, akakunja uso. "Yana harufu." Dada yangu, nimeyachota tu, sikuyatengeneza! Naamani mwenyewe aliambiwa aoge mto huu akasema kwao Dameski kuna mito bora, na hakuna aliyemfungulia begi. Mimi nimesimama humo na kanzu nyeupe ya kukodi, visamaki vinanitafuna vidole vya miguu, Mchungaji anahubiri hamalizi, leo naulizwa habari za harufu. Nimechoka! Mtu akitaka maji matakatifu apande ndege achote mwenyewe!

Mzee wa Kanisa akaona mambo mazito, akaanzisha pambio. Wakaongezeka askari wawili.

Tena huyo mzee asinifungue kinywa. Ni yeye aliyesema tunyoe ndevu asubuhi tupendeze kwenye picha za Bahari ya Chumvi. Maji yana chumvi karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, na wewe umetoka kupitisha wembe kidevuni! Nililia kama tarumbeta za Yeriko. Yeye hakunyoa, ana mzuzu wake. Akajilaza chali na Biblia kifuani, akaelea vizuri, mpaka alipotaka kusimama. Miguu inakataa kushuka. Upepo unamsukuma taratibu kuelekea ng'ambo, nchi nyingine kabisa, pasi yake iko kwenye basi. Mlinzi anapuliza filimbi, yeye anadhani anashangiliwa, anapunga mkono. Vijana wawili wakamfuata wakamvuta kwa kola. Alipofika ufukweni, hata kukohoa hajamaliza, akauliza nani amerekodi. Hakuna. Akageuka, akarudi majini.