Mistari nyeupe peke yake haitoshi

Asante kwa hii habari yenu yenye inazungumuza namna bazee (watu wa umri mkubwa) wanavuka barabara. Miye niko Goma, mama yangu ana miaka 74, siku ya yenga tukitoka kanisa tunangojaka pale karibu na rompwe (mzunguko wa barabara) ya Chukudu, fimbo mkono moja, mkono ingine ananishika miye, pikipiki inapita, ingine tena, anaweka muguu kwa barabara anaurudisha. Juzi ni kijana wa chukudu (kinga ya mbao ya kubeba mizigo) njo alisimamisha mzigo yake ya makala katikati ya njia, tukapita. Mistari nyeupe ya kuvukia ilikuwako zamani, vumbi na matairi vimeifuta.

Kule Singapore tangu 2009 muzee anagusishaka kadi yake ya bazee kwa nguzo ya taa na taa ya kijani inaongezewa masekunde, sababu mu inchi nyingi mahesabu ya kawaida ya taa ni mutu anatembea karibu metre 1,2 kwa sekunde na bazee bengi hawafikishe hata metre moja. Lakini sisi tusingoje taa. Mutujengee kisiwa kadogo ka beto (saruji) katikati ya barabara pana, mama anavuka nusu, anapumuzika, anaangalia upande moja tu, njo anamalizia. Na dodane (tuta ya kupunguza mwendo ya magari) mbele ya kile kisiwa, sababu masikio ya mama haisikie tena honi muzuri.

Na bazee benye kuendesha je? Baba mudogo aliacha kutoka na gari usiku sababu mwangaza ya magari ya mbele inamufunga macho, alama za barabara hazionekane kabisa. Rangi yenye kung'aa ingemusaidia sana.