Kikao cha Tathmini Kisianze na Jina la Mtu

Hitilafu kubwa inapotokea kazini na watu wakakutana kuitathmini, swali la kwanza kwa wengi huwa ni nani aliyeisababisha. Nashikilia kwamba swali hilo likitangulia, uchunguzi umekwisha kabla haujaanza, kwa sababu anayejua vizuri zaidi kilichotokea ndiye huyo tunayemtisha, na mwenye hofu husimulia yale tu yatakayomwokoa.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, aliyekuwa akihangaika usiku na hifadhidata alikusudia kufuta data katika seva ya akiba, akaifuta ya seva kuu. Alisitisha amri baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Ingekuwa rahisi kumfukuza na kulifunga faili siku hiyo hiyo. Badala yake kampuni ilichapisha taarifa ndefu isiyomtaja kwa jina, na humo yakadhihirika mambo mazito kuliko amri ile: utaratibu wa kutengeneza nakala rudufu ulikuwa ukishindwa kwa kuwa programu iliyotumika haikulingana na toleo la hifadhidata, barua pepe za kutahadharisha juu ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na seva pokezi, na hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa jukumu la kujaribu kama nakala zinarejesheka. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyo huyo alikuwa ameichukua mwenyewe yapata saa 6 kabla ya tukio. Angeadhibiwa yeye tu, kasoro zote hizo zingebaki palepale zikimsubiri mwenzake.

Watu wa usafiri wa anga walijifunza hili kwa gharama ya maisha. Desemba 1974 ndege ya TWA, shirika la ndege la Marekani, iligonga mlima huko Virginia na kuua watu wote 92, ilhali wiki chache kabla marubani wa shirika jingine waliponea chupuchupu mahali hapo hapo, na habari yao haikuwafikia wenzao. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa marubani na wenzao kutoa taarifa za hatari kama hizo kwa siri, ukawekwa chini ya NASA, shirika la anga za juu, ambalo halina mamlaka ya kumwadhibu rubani.

Wanaosema kwamba utaratibu huu wa kutotanguliza lawama unalea uzembe nawaelewa, ila siafikiani nao. Aliyeharibu kwa makusudi ana mahali pake pa kushughulikiwa. Aliyekosea akitimiza kazi yake anawajibika kwa kueleza kila hatua aliyopitia na alichokiona wakati ule, jambo gumu kuliko kupokea barua ya onyo.

Linalonisikitisha zaidi ni tathmini inayohitimishwa kwa agizo kwamba watu wawe makini. Umakini hauna mtekelezaji wala tarehe. Marekebisho ya kweli yanavyo vyote viwili, na meneja anayeyajali huuliza yamefikia wapi hata wiki kadhaa baada ya mfumo kurejea hewani.